Kiganja cha Siagi

Plastiki iliyopashwa moto na jua ina harufu yake kavu inayokwaruza koo, na kila aliyewahi kufungua mlango wa gari lililoegeshwa mchana kutwa anaijua. Ile ninayoikumbuka mimi ilikuwa imechanganyika na siagi. Siagi ya ng'ombe, inayopatikana kwa kutikisa kibuyu asubuhi nzima, iliyokaa kidogo hata ikaanza kuwa na uchachu, pamoja na moshi wa kijinga cha moto kilichotumika kusafishia kibuyu chenyewe. Harufu hizo mbili zilikaa pamoja ndani ya gari la baba yangu kwa wiki saba za kiangazi kimoja, Gitting, nilipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Tangu wakati huo sijawahi kufungua mlango wa gari la mtu bila kuvuta pumzi kwanza, nikiitafuta.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Songea aliyepangiwa kazi Hanang akiwa kijana. Kwa miaka miwili alilalamikia baridi ya Gitting, kisha akamwoa mama na kuacha kulalamika. Mama alikuwa binti wa wafugaji wa Dirma, kule tambarare, na alizungumza Kiswahili taratibu, akikanyaga kila neno kana kwamba anapima kama litambeba. Gari letu lilikuwa dogo, jeupe, la mkono wa pili, na ndilo pekee kwenye nyumba za walimu. Baba aliliosha nje mwenyewe. Ndani aliniachia mimi, kila Jumamosi, kwa sababu alisema vidole vyangu ni vyembamba na sina haraka. Hiyo ya pili haikuwa kweli, ila kwa kuwa aliisema mbele ya mama nililazimika kuifanya iwe kweli.

Ilikuwa kazi yenye utaratibu wake. Nilianza na brashi laini ya kupakia rangi, kavu, nikikung'uta vumbi kutoka juu kwenda chini. Kisha kipande cha fulana kuukuu kilichochovywa kwenye maji ya uvuguvugu yenye tone moja la sabuni, kikakamuliwa mpaka kisidondoshe chochote. Matundu ya kupitishia hewa yalikuwa na mswaki wao wa zamani. Vitufe vya redio vilifutwa kwa njiti ya kiberiti niliyoizungushia pamba. Mwisho kabisa yalikuja mafuta ya mgando, kiasi cha punje moja ya mahindi kwa dashibodi nzima, nikiyasugua mpaka kiganja kisihisi utelezi wowote. Usukani haukupakwa kamwe, wala pedeli, kwa maana vikiteleza mtu anakufa. Juu ya dashibodi, karibu na kioo, hapakupakwa pia, kwa maana mng'ao wake unamrudia dereva machoni. Plastiki isiyopakwa kabisa, alisema baba, inapauka na kupasuka kama kisigino. Iliyopakwa sana inakamata vumbi lote la wilaya. "Mafuta yakionekana, umekosea," alikuwa akisema huku akipitisha kidole kwenye kazi yangu. Mama aliyekuwa akichambua maharage mlangoni alimuuliza kama anamfundisha mtoto kusafisha gari au anafundisha gari kuwa mtoto.

Kwa bibi, mama yake mama, utaratibu ulikuwa mwingine kabisa. Kule Dirma siagi ilionekana na ilitakiwa ionekane. Vibuyu vilipakwa, ngozi za kulalia zilipakwa, na mgeni au msafiri alipakwa usoni na viganjani kwa baraka. Bibi alikuwa na kibuyu kidogo, si kikubwa kuliko ngumi, alichomnyweshea mama maziwa akiwa mchanga, na kila mwezi alikipaka siagi ndani na nje ingawa hakuna aliyekitumia tena. Niliporudi shuleni kutoka kwake nikiwa na mashavu yanayong'aa, wenzangu walisogea pembeni ya dawati. Mtoto wa mwalimu ananuka kibuyu, walisema, na mmoja wao alikuwa na kipaji cha kulia kama ndama kila nilipoingia darasani. Nikajifunza kunawa uso kwa sabuni ya kufulia kabla ya kutoka nyumbani Jumatatu. Mama aliniona nikifanya hivyo.

Kiangazi hicho mama alikuwa na mimba, na miezi ya mwisho alienda kukaa kwa bibi. Jumamosi moja mimi na baba tuliteremka kwenda kumwona. Tulimkuta ameshikwa na uchungu tangu alfajiri, kabla ya wakati wake, na wanawake waliokuwa naye walimwambia baba bila kumtazama usoni kwamba mambo hayaendi vizuri, ampeleke hospitali Katesh. Baba aligeuza gari. Bibi alikuja na siagi kwenye kipande cha kibuyu, akampaka mama kwenye paji la uso, kwenye tumbo, na kwenye viganja vyote viwili, polepole, huku baba amekwisha kuwasha injini. Mama hakuweza kulala, kwa hiyo aliketishwa mbele, kushoto, na mimi nikakaa nyuma yake na mfuko wa kanga.

Nilichomwambia nakikumbuka neno kwa neno, na ningetoa mengi nisikikumbuke. Niliinama katikati ya viti nikamwambia, "Mama, futa mikono. Manesi watakucheka."

Alikuwa katika nafasi kati ya uchungu na uchungu. Akageuza kiganja chake cha kulia, akakitazama kikimeremeta, akacheka kwa pua. Kisha akakinyoosha mbele yake na kukikandamiza kwenye dashibodi, bila haraka, kama mtu anayepiga dole gumba kwenye karatasi ya serikali, vidole vyote vitano, na kile cha mwisho kilichopinda nje tangu alipovutwa na kamba ya ndama akiwa msichana.

"Haya, nimefutia hapa," alisema. "Utafuta wewe tukirudi."

Baba hakuondoa macho barabarani. "Mkono mmoja tu, mama Yasinta," alisema. "Ule mwingine utalipia." Wakacheka wote wawili, kidogo, na mimi nikaona aibu kwa niaba ya dashibodi yangu.

Baada ya hapo hakuna aliyecheka. Upepo ulikuwa unatoka upande wa ziwa Balangida, ambalo kiangazi hukauka na kubaki na vumbi jeupe la magadi, na tulikuwa tumeshusha vioo kwa sababu mama alisema anakosa hewa. Gari lilichemsha mara mbili. Mara ya kwanza baba alisubiri lipoe. Mara ya pili hakusubiri, alichukua maji ya kunywa ya mama akayamimina kwenye rejeta, akaungua mkono, akaendelea kuendesha kwa mkono mmoja. Mama alikuwa ameshika mpini wa mlango na alikuwa ameacha kunijibu. Hospitali walimtoa kwa kiti cha magurudumu. Mimi niliambiwa nibaki kwenye gari nilinde vitu, nami nikalinda vitu, nikitazama ule mlango waliompitishia, hadi jua likazama na shangazi wa mtu nisiyemjua akaja kunichukua. Kesho yake asubuhi baba alitoka peke yake. Mama alifariki, na mdogo wangu wa kiume alifariki kabla hajapewa jina. Tuliwazika Dirma. Walifika huko kwa gari la watu wengine.

Baba alirudisha gari letu Gitting, akaliegesha ubavuni mwa nyumba, akalifunika kwa turubai. Akaanza kutembea kwa miguu. Bibi alikuja kukaa nasi, na vibuyu vyake, na Kiswahili chake cha maneno machache. Nyumba ilikuwa na watu watatu ambao kila mmoja alikula akiwa ametazama ukuta tofauti.

Niliingia kwenye gari siku ya tisa baada ya maziko. Niliinua pindo la turubai upande wa kushoto, nikafungua mlango, na harufu ikanipiga. Nilikaa kwenye kiti cha mama. Jua la asubuhi lilikuwa linapenya kwa ulalo kwenye tundu la turubai, na hapo nikakiona. Siagi ilikuwa imelishika lile vumbi jeupe la njiani, ikalikamata kila mahali ilipogusa na kuliacha lipeperuke palipobaki, na kiganja cha mama kilikuwa kimesimama mbele yangu juu ya plastiki nyeusi, cheupe, kamili. Mistari ya kiganja ilionekana. Kidole kilichopinda kilionekana. Niliweka mkono wangu juu yake bila kugusa, ukiwa umbali wa kucha tu, na ulikuwa mdogo kuliko wake pande zote.

Kuanzia siku hiyo nilikuwa na mahali pa kwenda. Nilipotoka shule nilipita nyuma ya nyumba, nikainua turubai, nikakaa. Sikulia humo, kwa kuogopa unyevu. Nilipumua nikiwa nimegeuza uso upande. Sikumwambia baba, kwa sababu nilimjua: alikuwa mtu ambaye mafuta yakionekana, umekosea. Nilikuwa na hakika kwamba akikiona atakwenda kuchukua kitambaa.

Wiki ya saba baba alisema, akiwa ameshika kikombe cha chai, kwamba gari limepata mtu. Mzee mmoja mwenye duka Dongobesh atakuja Ijumaa kulitazama. Nilimwomba asiliuze. Nilimwambia nitalisafisha kila siku, nitaacha kuomba viatu, nitasoma. Alisema hawezi tena kukaa kwenye lile gari akatazama upande wa kushoto, na akaniomba, si kuniamuru, nimsaidie kulisafisha ndani kama ninavyojua. Nilikuwa na siku tatu.

Siku ya kwanza nilisafisha kila kitu isipokuwa pale. Nilisafisha kwa namna ambayo sijawahi kusafisha kitu tena maishani, milango, mifereji ya vioo, mashimo ya skrubu, nikifikiri kwamba kama kila mahali pengine patakuwa safi kupita kiasi basi hakuna atakayetazama mahali pamoja. Nilifunika alama kwa daftari la hesabu nikiliegemeza ili lisiiguse. Siku ya pili nilijua daftari si jibu. Nikachukua karatasi nyembamba nikajaribu kunakili kiganja kwa penseli, karatasi ikanata kwenye siagi, na nilipoibandua iliondoka na vumbi la dole gumba. Dole gumba lilikuwa pale, kisha halikuwapo. Nilienda kuchukua kisu cha jikoni. Nilikusudia kukata kipande chote cha dashibodi, nikaingiza ncha, na plastiki haikukatika, ilipata tu mkwaruzo mweupe mrefu kama wa ukucha. Upepo wa Gitting ulikuwa umeanza kuingia milangoni, mkavu, na nilipotazama kwa karibu niliona siagi iliyobaki imeanza kupasukapasuka, na vumbi linadondoka kwenye nyufa, chembe moja moja. Kiganja cha mama kilikuwa kinakufa mbele yangu, gari liuzwe lisiuzwe.

Jioni hiyo bibi alikuwa amekaa mlangoni anapaka kile kibuyu kidogo. Nilimuuliza kwa nini anakipaka ilhali hakuna mtoto wa kukinywea. Alinijibu bila kuacha kusugua, kwa Kiswahili chake: "Kikikauka, kinapasuka. Ukipaka, kinakaa." Na nikaelewa, au nilifikiri nimeelewa. Ngozi zilipakwa zikakaa. Vibuyu vilipakwa vikakaa. Hata baba na mafuta yake ya mgando alisema yaleyale, kwamba kisichopakwa hupasuka. Watu wawili wasiokubaliana juu ya chochote walikubaliana juu ya hilo.

Alhamisi niliwahi kutoka shule. Nilichukua siagi kidogo kwenye kibuyu cha bibi, nikaenda garini, nikatoa turubai lote ili nione vizuri. Sikupaka ovyo. Kwa ncha ya kidole kimoja nilifuata kila kidole cha mama, tone kwa tone, nikilainisha nyufa, na kwa muda mfupi ilikuwa imefaulu. Vumbi lilishika, weupe ulizidi, hata mistari ya kiganja ilirudi. Nilifunga mlango ili upepo usiingie. Kisha nikaenda kuteka maji, kwa sababu ilikuwa zamu yangu, na foleni ya bombani ilikuwa ndefu.

Jua la saa tisa lilikuwa limekaa juu ya kioo cha mbele muda wote huo. Nilipofungua mlango, harufu ilitoka kama ya jikoni. Siagi ilikuwa imeyeyuka. Ilikuwa imeshuka na vumbi lote, ikapita kwenye mteremko wa dashibodi, ikaingia kwenye mkwaruzo wa kisu, ikadondoka kwenye kiti. Palipokuwa na vidole vitano palikuwa na doa moja la kijivu. Nilijaribu kulisukuma lirudi. Nilikuwa nalisukuma kwa viganja vyote viwili, kutoka chini kwenda juu, nikilikusanya, nikikitafuta kile kidole kilichopinda, na kila nilivyotafuta ndivyo nilivyozidi kufuta. Nadhani nilikuwa nasema kitu kwa sauti, maana bibi alikuja mbio, akanishika mabegani, akatazama dashibodi, akatazama mikono yangu. Hakujua. Alidhani nimechafua gari la baba na ninaogopa fimbo. Alianza kunifuta kwa pindo la nguo yake, nami nikafumba ngumi asinifute.

Baba alitukuta hapo. Aliuliza kwa nini gari linanuka siagi na mtu anakuja kesho. Nikamwambia. Nilimwambia vyote, kuanzia siku ya tisa, karatasi, kisu, kibuyu. Alizunguka gari akafungua mlango wa kushoto, akakaa kwenye kiti ambacho hajawahi kukikalia, miguu nje. Alitazama lile doa muda mrefu sana. Mkono wake ulioungua na rejeta ulikuwa umepona vibaya, na aliuweka juu ya plastiki, juu ya mafuta, kisha akautoa.

"Ungenionyesha," alisema. Na baada ya muda, kwa sauti ya mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali: "Ningekiona, nisingeliuza."

Asubuhi yake alisafisha dashibodi mwenyewe, kwa maji ya uvuguvugu na tone moja la sabuni. Yule mzee wa Dongobesh alifika na kofia yake ya sufu, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba na kunisifu kwa adabu. Alikuwa mtu mchangamfu. Aliingiza kichwa ndani, akanusa, akapitisha kiganja chake chote mbele ya kiti cha kushoto, akatoka akicheka. "Mwalimu, gari umelipaka siagi," alisema. "Mkate uko wapi?" Baba alicheka, kwa sababu mgeni alikuwa amefanya mzaha. Nililitazama gari mpaka lilipokata kona ya mnada, na vumbi lake likabaki barabarani kwa muda mfupi kuliko nilivyotaka.

Sasa mimi ndiye mwenye gari. Barabara ya Katesh ni lami, na safari iliyomchosha mama leo ningeimaliza kabla chai haijapoa kwenye chupa. Penye vituo vya kuoshea magari kuna vijana wenye chupa za kupulizia, dawa ya dashibodi inayonuka matunda ambayo hayapandwi mkoa huu, na wanang'arisha plastiki mpaka unajiona. Wananiuliza kwa nini dada hataki kupuliziwa. Nawaambia wafagie tu chini. Wanadhani nabana matumizi, na wamenipa jina la utani kwa ajili ya vumbi langu. Siamini kwamba vumbi litanirudishia kitu. Ninachoogopa ni kitambaa tu, nikiwa nimekishika mimi.

Mwezi uliopita nilimpeleka baba hospitali Katesh kupimwa macho. Amestaafu, bado anaishi Gitting, na bibi alishatangulia. Nilimketisha mbele, kushoto. Wakati wa kurejea, kwenye kipande kibaya cha barabara kabla ya kufika kwake, gari lilirukaruka, akajishikiza kwa kuweka mkono mbele, ule wenye kovu, jasho na mafuta ya kujipaka na yote. Tulifika, nikazima injini mlangoni. Jua lilikuwa limelala, na kiganja chake kilikuwa pale kwenye vumbi, kamili. Alikiona, hata kwa macho yale. Akatoa leso mfukoni, akainama mbele kukifuta, kwa sababu ni mtu ambaye hajabadilika.

Nikamshika mkono. "Acha, baba," nilimwambia. "Nitafuta mimi, tukirudi."

"Si tumesharudi," alisema.

Kisha akasikia alichokisema, na nilichokisema mimi. Alikuwa ameshika usukani siku ile, na alisikia kila neno la mama. Alikunja leso mara nne, akairudisha mfukoni. Tukabaki tumekaa ndani ya gari mbele ya nyumba, milango imefungwa, hakuna aliyetangulia kushuka.